Sheria ya Ufaransa ilivyomtoa Rashid kwenye benchi la baba yangu, Shauri Moyo

Wakuu, nawasalimu wote, walio kazini wanaojifanya wanafanya kazi na walio nyumbani wasio na bundles za kutosha.

Mimi huwa msomaji tu humu. Nasoma, nacheka, nalala.

Lakini juzi kulikuwa na uzi wa yule jamaa aliyeuliza kama Wafaransa wako sawa kukataza mavazi na alama za dini shuleni na kwenye ofisi za serikali. Niliona mlivyoraruana. Huyu anasema dini ikae nyumbani kwa mtu, yule anasema huo ni ubaguzi mtupu, na wote mnaandika kama watu waliozaliwa Paris.

Sisi hiyo sheria ilitugusa. Hapa hapa Shauri Moyo.

Ilikuja kwa simu, ikaingia karakana, na ikamtoa mtu aliyekaa na baba yangu kwenye benchi moja tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Ndiyo habari niliyo nayo. Nitaisema ilivyokuwa, na pale ambapo sikuwepo nitawaambia sikuwepo. Ni ndefu. Anayetaka kuandika "summary please" aende zake mapema, leo sina hiyo roho.

Haya.

Baba yangu ni mchongaji wa mbao. Ni Mkamba wa Machakos, Mkatoliki wa kwenda misa ya asubuhi hata katikati ya wiki, na watu humwita Mzee Kilonzo. Karakana yenyewe ni mabati matupu nyuma ya mafundi wa vitanda, ukitoka Shauri Moyo ukielekea Gikomba. Wachongaji wamegawana kona, kila mtu na wateja wake.

Mimi ni Nduku, binti yake. Naishi Kware lakini mchana wote niko pale, kwa sababu mimi ndiye wa simu. Napiga picha, naongea na wateja wa nje, nafunga mizigo. Kuchonga sijui, nilijaribu nikajikata kidole baba akaninyang'anya kisu.

Rashid ni wa Majengo, kuzaliwa na kulelewa. Ni mdogo kwa baba. Kazi yake ni msasa na rangi.

Kwa wasiojua: mchongaji akimaliza na tezo na kisu, kile kitu bado kina makovu kila mahali. Hapo anakichukua mtu wa msasa. Anakisugua kwa msasa mkali, halafu wa kati, halafu ule uliokwisha makali, mwisho anakipaka rangi ya viatu na kukisugua kwa kitambaa mpaka king'ae. Mzungu hununua ule mng'ao. Baba analijua hilo ingawa hapendi kulisema mbele ya wachongaji wenzake.

Walikaa benchi moja, baba mwisho huu, Rashid mwisho ule, na kazi katikati. Walikuwa na sheria moja tu: kitu kikishavuka kwenda upande wa Rashid, baba hakigusi tena. Akiona amekosea pua ya mtu, anaomba arudishiwe. Nimemwona baba, mtu mkali hivyo, akisema "Rashidi, naomba huyo mchungaji wa kondoo kidogo," kama mtoto anayeomba chumvi kwa jirani.

Kubishana walikuwa wanabishana kutwa. Mpira, bei ya unga, nani amemaliza chai. Siku Rashid akiugua, baba alikuwa hana wa kumsumbua, basi ananisumbua mimi.

Sasa, najua kuna mtu kidole tayari kiko kwenye keyboard anataka kuuliza: Muislamu anafanya nini na sanamu?

Tulia. Rashid aliulizwa hilo swali Majengo kabla yako. Kitu chetu kinachouzika sana ni seti ya Krismasi. Yusufu, Maria, mtoto kwenye hori, wachungaji, mamajusi, punda, ng'ombe na kondoo. Majirani zake walikuwa wanamchokoza, wengine kwa mzaha, wengine kwa ukali kabisa. Jibu lake lilikuwa lile lile siku zote: "Mimi sichongi. Mimi napiga msasa. Na huo ni mti tu."

Anasema huku anacheka, na maisha yanaendelea.

Lakini sisi tuliokaa naye tulijua kwamba Maria hakuwa mti tu kwake. Alikuwa anamwita Bibi Maryam. Alikuwa anamwacha wa mwisho, na hamgusi kwa msasa mkali isipokuwa lazima. Binti yake wa kwanza anaitwa Maryam.

Na baba naye, kabla ya kuanza kumchonga Maria yeyote, hata yule mdogo wa kuning'inizwa kwenye mti wa Krismasi, anafanya ishara ya msalaba na kusema Salamu Maria moja. Rashid alikuwa ananyamaza mpaka amalize, halafu ndiyo ubishi unaendelea pale ulipoachwa.

Kuna jambo moja zaidi lazima mlijue, la sivyo hamtaelewa kwa nini mambo yaliharibika vile.

Miaka michache iliyopita Maryam aliitwa kidato cha kwanza kwenye shule moja, jina silitaji. Siku ya kuripoti akaambiwa getini avue hijabu. Mtoto akalia, wakarudi nyumbani na sanduku. Rashid ni mtu mpole, mbele ya mwalimu mkuu maneno yanamkauka. Basi kesho yake baba akavaa koti lake la misa akaenda naye.

Hapo sikuwepo. Lakini Rashid amelisimulia hili mbele yangu mara nyingi mno. Anasema mwalimu mkuu alieleza sheria za shule weee, na nyuma ya kiti chake ukutani kulikuwa na picha kubwa ya Bikira Maria. Baba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole kwenye picha akasema: "Mwalimu, huyo mama naye amefunika kichwa, na hakuna aliyemfukuza."

Mwalimu mkuu akacheka. Maryam akaingia shule na kitambaa cheupe, kwisha maneno.

Rashid aliisimulia hiyo habari kwenye harusi, kwenye matanga, kwa wateja, kwa mtu yeyote aliyesimama. Baba alikuwa anajifanya anaona aibu.

Sasa tuje kwa Ufaransa.

Tuna mteja wa huko, mama mmoja wa makamo, namwita Madam Odile. Alipita karakana zamani akiwa mtalii, akapenda kazi, na tangu hapo kila mwaka anaagiza seti kadhaa ndogo. Ni mtu mzuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu nawajua, mtaanza kumtukana.

Mwaka jana akaleta order ambayo hatujawahi kuiona. Alitaka seti moja kubwa, kila mtu wa kufika kiunoni, ya kuwekwa kwenye lango la ofisi ya mji wao wakati wa Krismasi. Ni mji mdogo, na meya alikuwa rafiki yake.

Baba alikuwa kama mtu aliyepata mjukuu. Kazi yake kwenye ofisi ya serikali, Ulaya. Alitangaza kanisani, akatangaza kwa kinyozi, akampigia dada yake Machakos usiku amwambie. Hata mafundi wa vitanda walianza kumwita "Balozi".

Magogo yalikuwa makubwa, kazi ikachukua miezi. Ilipokaribia kuisha, Madam Odile akatuma meseji.

Nikamsomea baba. Alisema kuna wakazi wamelalamika. Kwamba kwao sheria imetenganisha dini na serikali, na ofisi ya umma haitakiwi kuonyesha dini yoyote. Meya anasema seti inaweza kuingia ikiwa itaonekana ni kitu cha sanaa na sikukuu tu, isiyo na alama za kidini. Akauliza kama tunaweza kusaidia kwa hilo, na akasema mzigo usichelewe.

Wakuu, kumbukeni simu zetu zilikuwa zimejaa zile habari za Ufaransa, wasichana wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya vitambaa na magauni marefu. Tulikuwa tumezijadili sana pale benchini. Zilimuuma Rashid kwa sababu ya Maryam. Na baba alikuwa upande wake kabisa, akawa anasema, "Hawa Wafaransa shida yao ni kitambaa. Sijui kiliwafanya nini."

Hayo maneno yalikaa vichwani mwetu. Na hapo ndipo tulipopotelea.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Rashid alikuwa ameenda msikitini. Tulikuwa watatu: mimi, baba, na Mutua, kijana anayechonga twiga na vifaru kona ya pili, ambaye huwa na maoni kuhusu kila kitu.

"Alama ya kidini hapa ni gani?" baba akauliza, anaizunguka ile seti.

"Malaika," Mutua akasema. "Mtoe malaika."

Malaika alikuwa rahisi, tukamweka kando. Mpaka leo yuko pale karakana, tunamtundikia makoti.

"Na msalaba?"

"Msalaba gani, mzee, na mtoto ndio amezaliwa?"

"Sasa imebaki nini?"

Mutua akakuna kichwa. "Si ni hiyo kitambaa ya Maria. Si hao wasee ndio wanafukuza madem shule juu ya hijab? Sasa wakiiona kwa ofisi ya gava, si watairudisha mzigo yote?"

Tukatazamana. Nawaambia ukweli, ilionekana ina akili kabisa. Mimi mwenyewe nilitikisa kichwa nikakubali.

Hebu fikirini tena hapo. Watu wazima watatu, wote tumebatizwa, tumesimama mbele ya mtoto Yesu amelala kwenye hori, tunatafuta alama ya kidini. Na hatukumwona. Tulipita macho juu yake tukaona kitambaa.

Nimewaza hilo jambo mara nyingi sana. Nadhani ni kwa sababu mtoto kwenye hori kwetu ni Krismasi tu, ni pilau na nguo mpya na watoto kusumbua. Hatumhesabu kama alama. Alama tulijua ni ya wenzetu. Na hata kile kitambaa kilikuwa cha Maria wetu wa kanisani, lakini siku hiyo tulikiona kama cha kina Rashid.

Maria alikuwa tayari amevuka upande wa Rashid. Alikuwa ameshampiga msasa wa kwanza, alikuwa amefunikwa gunia safi asiingie vumbi.

Baba akamkumbatia akamvutia upande wake wa benchi.

Nilitaka kusema ngoja Rashid arudi. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini mzigo ulitakiwa kufungwa, na baba alikuwa ameshakaa, na mimi si mtu wa kumwambia baba aweke kisu chini. Hakufanya ishara ya msalaba. Hilo nililiona, sikulisema pia.

Kitambaa na kichwa ni mti mmoja, huwezi kukivua na kukirudisha. Baba alikikata taratibu, akakigeuza nywele. Alimsuka Maria mistari, ile ya kurudi nyuma, safi kabisa, kama msichana wa mtaani Pipeline anayeenda kwa harusi ya dadake. Kwa kazi ya mkono, sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Mutua alipiga picha, kisha baba akamrudisha chini ya gunia upande wa Rashid.

Rashid akarudi. Alikuwa amebeba mahamri ya kila mtu, ndiyo desturi yake ya Ijumaa. Akagawa, akakaa, akafunua gunia.

Akamgeuza kwenye mwanga.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Si ni Maria," baba akasema, anatafuna.

"Mmemvua."

"Mzungu ndiye amesema. Hataki alama za kidini."

Rashid akanigeukia. "Nduku, hebu nisomee hiyo meseji."

Nikamsomea. Nilipofika pale pa "alama za kidini" sauti yangu yenyewe ilikuwa inashuka.

"Amesema kitambaa?"

"Hajasema," nikamjibu.

"Na nyinyi mkaona ni kitambaa."

Baba akaanza kuona ubaya wa jambo, na baba akiona amekosea huwa anapandisha sauti. "Rashidi, usilete maneno. Kazi ni kazi. Mzigo unaenda Jumatatu. Huo ni mti tu."

Rashid alimwangalia. Hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo.

"Hayo ni maneno yangu, Mzee Kilonzo," akasema. "Mimi ndiye huwaambia watu wa Majengo ni mti tu, ili waniache nikae hapa na wewe. Wewe hujawahi kusema hivyo. Wewe huwa unamsalia."

Baba akameza hamri yake.

"Huyu sitampiga msasa," Rashid akasema.

"Basi acha. Nitampiga mwenyewe."

Rashid akainuka. Akakunja aproni yake, akachukua kopo lake la rangi, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono. Baba alimpa mkono huku anaangalia kwingine.

"Atarudi Jumatatu," baba akasema alipokwisha kutoka.

Hakurudi Jumatatu, wala Jumanne.

Nilimpigia. Alipokea, akauliza hali ya watoto wangu kwa majina, akaniambia, "Nduku, sina ubaya na mtu." Nikamwambia basi njoo. Akasema tutaonana, inshallah. Mnajua ile inshallah ya kukatalia kwa adabu.

Baba naye akashupaza shingo. "Mtu mzima anakasirikia mti." Alilisema hilo kwa Mutua, kwa mafundi wa vitanda, kwa kila mtu aliyeuliza Rashid yuko wapi, na kila akilisema lilikuwa linazidi kuwa baya. Akampiga msasa Maria mwenyewe. Hana mkono wa msasa. Alimwacha na makovu kidevuni, tukamfunga hivyo hivyo, mzigo ukaenda.

Krismasi ikafika.

Kwetu mbuzi wa Krismasi huchinjwa na Rashid. Hiyo ni desturi ya pale plotini kwa baba tangu zamani, ili majirani Waislamu nao wale nyama bila wasiwasi. Mwaka huo binamu yangu ndiye aliyechinja. Nusu ya majirani Waislamu walikuja, kwa heshima, wakakaa, wakala chapati na maharagwe. Hakuna aliyeuliza kitu. Baba alikuwa anawahimiza wale nyama na sauti yake ikawa inapotea katikati ya sentensi.

Siku mbili tatu baadaye Madam Odile akatuma picha.

Seti yetu ilikuwa kwenye dirisha la duka la mikate. Yote, na taa ndogo ndogo, na watoto wa Kizungu wamebandika pua kwenye kioo.

Akaeleza. Ofisi ya mji ilikataa mwishowe. Waliolalamika walitishia kwenda mahakamani, na meya akarudi nyuma. Walichokuwa wanapinga ni hori na mtoto, kwamba hiyo ni ibada ya Kikristo na haitakiwi mlangoni mwa serikali. Duka la mikate ni la mtu binafsi, anaweka anachotaka, ndiyo maana ikaenda huko. Watu wameipenda.

Halafu akauliza swali moja. Kwa nini safari hii Maria hana kitambaa? Alikuwa anakipenda kile kitambaa.

Nilikaa na hiyo simu mkononi nikiwa jikoni mpaka sufuria ikaungua.

Nikamweleza. Wasichana, shule, habari tulizoona. Alikaa siku nzima bila kujibu. Alipojibu alisema ile sheria ni ya wanafunzi wa shule za serikali na wafanyakazi wa serikali, haihusu sanamu, na hakuna mtu yeyote mjini kwao aliyetaja kitambaa cha Maria. Akaomba msamaha kwamba hakueleza vya kutosha. Akasema hata kwao kuna watu wameacha kusalimiana kwa sababu ya hayo mambo, majirani wa mlango kwa mlango.

Nikamsomea baba. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena.

"Kwa hiyo hawakutaka nimvue."

"Hapana, baba."

Akavaa kofia akaenda nyumbani, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Naomba niseme kitu hapa kabla sijamaliza. Nina hasira na Mutua, ndiyo, na huwa namwambia. Nina hasira na baba. Na inaniuma kwamba mwenye simu nilikuwa mimi. Ingenichukua dakika moja kuandika "alama gani, madam?" Tulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angetuambia kitambaa cha Maria kina uzito gani, na tulikata kile kitambaa wakati amekwenda kusali. Hakuna Mfaransa aliyetushika mkono.

Mwezi wa pili baba akaniambia nimsindikize Gikomba.

Rashid siku hizi ana meza ya viatu vya kiume, mitumba. Kila kiatu kinang'aa, mkono haujapotea. Alituona kwa mbali, akainuka, akafuta kigoda, akaagiza chai. Tulikunywa. Waliongea mpira kidogo.

Kisha baba akatoa mfukoni kitu alichokifunga kwa leso. Maria mdogo wa kutosha kiganjani, na kitambaa chake, mikunjo yote. Hakuwa amepigwa msasa. Alikuwa na makovu yote ya kisu.

"Nilikosea, Rashidi," baba akasema. "Huyu nimekuletea. Hajapigwa msasa."

Sijawahi kumsikia baba akisema neno "nilikosea" kwa mtu yeyote, hata kwa mama.

Rashid alimchukua, akapitisha kidole gumba juu ya kitambaa.

"Umemchonga vizuri sana, mzee."

"Basi rudi."

"Mimi nilikusamehe siku ile ile, kabla sijafika nyumbani. Hilo usilibebe."

"Sasa?"

Rashid akaangalia viatu vyake. "Ile habari ya shule. Nimewaambia watu wengi mno. Siku hizi nikianza kuisema nafika pale unapoonyesha picha, nashindwa kuendelea. Sasa nikirudi kukaa na wewe, nitakuwa nakuangalia kila siku namwona yule aliyemvua. Sitaki. Wewe ni mtu mkubwa kwangu."

Akamrudishia baba ile sanamu, kwa mikono miwili.

Tukiwa tunainuka, Maryam akafika na chakula cha baba yake. Amemaliza shule, ni msichana mkubwa sasa. Huyu mtoto alikulia pale karakana, alikuwa analala kwenye marundo ya vumbi la mbao na baba anamfunika koti.

Alimwona baba, akasimama. Akaweka bakuli chini. Akashika kitambaa chake kwa mikono miwili, akakivuta mbele vizuri mpaka juu ya nyusi, akakikaza chini ya kidevu. Ndipo akasema shikamoo.

Baba akaitikia marahaba, polepole.

Tulitembea kurudi. Tulipofika Shauri Moyo akaniuliza, "Umeona alivyojifunika?"

Nikamwambia ni vumbi la Gikomba, kila mtu anajifunika.

"Nduku," akasema, "kitambaa chake cha kwanza cha shule nilinunua mimi."

Wakuu, ndiyo hivyo.

Funzo langu si kubwa. Sijui kama Wafaransa wako sawa au hawako sawa, wana historia yao na mimi siijui. Ninachojua ni kwamba tulichukua ugomvi wa watu wa mbali, tukaukisia, na tukaumalizia kwa mtu wa karibu ambaye hakuwa na ugomvi na sisi. Mkibishana humu kuhusu nguo za watu, kumbukeni kuna mtu mmekaa naye benchi moja, na muulizeni yeye kwanza.

Maoni nayakaribisha, hata makali. Lakini zaidi nataka kusikia kutoka kwa mtu aliyewahi kumrudisha rafiki aliyesamehe lakini akakataa kurudi. Ulifanyaje? Ulisema nini?

Baba hajui mambo ya forum. Nimemwambia kuna watu wengi huku, wa kila dini, na nitawauliza. Ameniomba nimsomee mtakayoandika, na kila jioni nikifunga karakana anauliza kama mmejibu.